Mwandishi ni mtumiaji, mhariri naye ni mtumiaji: nitenge majedwali?

SWALI: Naunda programu ya wavuti ya chumba cha habari kwa Django (mfumo wa Python wa kujengea programu za wavuti). Nina jedwali la makala na jedwali la watumiaji. Nilipoweka mwandishi hakukuwa na tatizo. Nilipoongeza mhariri, Django ikagoma ikidai majina yanagongana. Mwenzangu ananishauri nitenge jedwali la waandishi na jedwali la wahariri. Sasa bosi naye anataka makala moja iwe na wachangiaji hata kumi. Nishike lipi?

JIBU: Ushauri wa mwenzako achana nao. Uandishi na uhariri ni kazi ambayo mtu anaifanya kwenye makala fulani, si aina ya mtu. Anayeandika leo, kesho atahariri kazi ya mwenzake. Ukitenga majedwali utamsajili mara mbili, kwa nywila mbili, na akibadili barua pepe utarekebisha huku usahau kule. Baki na jedwali moja la watumiaji. Kwenye makala weka safuwima mbili, mwandishi_id na mhariri_id, zote zikielekeza huko huko.

Hifadhidata yenyewe haina neno. Aliyegoma ni Django, tena ana haki. Ukimshika mtumiaji na kutaka makala zake, Django hukupa njia ya kurudi iitwayo makala_set. Uhusiano ukiwa mmoja, sawa. Ukiwa miwili, makala_set ni zipi: alizoandika au anazohariri? Kusema ni juu yako. Weka related_name (jina la njia hiyo ya kurudi), uhusiano mmoja uuite makala_alizoandika, wa pili makala_anazohariri, na kosa fields.E304 litaondoka.

Ukiandika SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) kwa mkono, unganisha jedwali la watumiaji mara mbili kwa majina mawili ya muda, tuseme w na h. Hapa wengi hunasa: makala ambayo haijapewa mhariri ina NULL (yaani patupu) kwenye mhariri_id, na INNER JOIN, inayorudisha tu mistari yenye mwenzake pande zote mbili, itaitupa kimya kimya. Orodha inapungua na hakuna kosa linalotokea. Upande wa mhariri tumia LEFT JOIN, ambayo huibakiza makala hata isipokuwa na mhariri.

Wachangiaji ni habari nyingine. Usije ukaanza mchangiaji_1, mchangiaji_2 hadi kumi, nakusihi. Bosi atataka wa kumi na moja. Tengeneza jedwali la kati lenye makala_id, mtumiaji_id na jukumu (picha, takwimu, tafsiri), kisha uzuie mchanganyiko wa hivyo vitatu kujirudia.

Utatamani kuwahamishia humo mwandishi na mhariri pia. Mimi nisingefanya hivyo. Safuwima hubeba mtu mmoja tu, kwa hiyo makala haiwezi kupata wahariri wawili kwa bahati mbaya. Isitoshe, wakiwa kwenye mstari mmoja, sharti la hifadhidata la CHECK (mwandishi_id <> mhariri_id) inatosha kumzuia mtu asihariri kazi yake mwenyewe. Kwenye jedwali la kati wangekaa mistari tofauti, na CHECK ya kawaida hutazama mstari mmoja mmoja.

Kabla hujaendelea, kagua on_delete, yaani kinachofuata mtumiaji akifutwa. Ukimwekea mhariri CASCADE, siku akaunti yake ikifutwa inaondoka na kila makala yenye jina lake kwenye mhariri_id. Mwandishi mpe PROTECT (huzuia akaunti yake isifutwe), mhariri SET_NULL (huacha nafasi yake tupu) pamoja na null=True (huruhusu nafasi hiyo kuwa tupu). Kwenye jedwali la kati CASCADE haigusi makala, hufuta mstari wa mchangiaji tu. Lakini kama jina la mpiga picha ni lazima libaki, weka PROTECT huko pia.