Kwa Nini Sikuwapo Kumzika Baba: Jibu kwa Ndugu Zangu wa Tanga

Binamu yangu, pamoja na ndugu wote wa Ngamiani na Mwambani,

Nimeupokea ujumbe mlioniandikia baada ya arobaini ya baba. Una maswali matatu, nami nitayajibu bila kuyazungusha. Mnauliza kwa nini mimi, mtoto wake wa kiume wa kwanza, sikuwapo kushuka mwanandani kumpokea. Mnauliza ughaibuni kuna nini hasa kinachomfunga mtu hata ashindwe kumzika mzazi wake. Na mnauliza iwapo nitagharimia kibao cha marumaru chenye maneno mliyoyachagua, yaani “Shujaa Aliyeiteka Kampala”. Hilo la mwisho nitaliacha hadi mwisho, kwa sababu haliwezi kujibiwa kabla ya kumsema baba mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani.

Kuhusu kutokuwapo kwangu, wengine mmedhani nilikosa nauli, na wengine mmenong’ona kwamba karatasi zangu za kuishi Uingereza zina kasoro. Nauli ilikuwapo na karatasi zangu ni halali. Kilichokosekana ni muda. Baba alifariki baada ya swala ya alfajiri na mkamzika siku ileile baada ya alasiri, kama dini yetu inavyoelekeza na kama yeye mwenyewe alivyokuwa akisisitiza, kwamba maiti asicheleweshwe kwa kumsubiri mtu. Kutoka Leicester hadi Tanga ni lazima nifike kwanza uwanja wa ndege, nibadilishe ndege Doha au Addis Ababa, niteremke Dar es Salaam, kisha nipande basi lipitalo Chalinze, Segera na Muheza. Hata ningeondoka dakika ileile niliyopokea simu, ningeingia Tanga kesho yake mkiwa mmekwisha kukung’uta udongo viatuni. Anayehamia mbali huku akiwa Mwislamu wa pwani amekubali tangu siku ya kuondoka kwamba wazazi wake watazikwa na wengine. Wengi wetu huku tunalijua jambo hilo na hatulisemi, na pale nyumbani hatulisemi zaidi, kwa kuwa siku ya kuaga kila mtu huzungumzia mizigo na pasipoti.

Kuhusu kazi, mimi si daktari wa London kama baadhi yenu mnavyowaambia watu barazani. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, katika mji ulio mbali kidogo na London, na zamu yangu ni ya saa 12. Ninawaamsha, ninawaogesha, ninawavalisha, ninawalisha wale wasioweza kushika kijiko. Sheria ya nchi hii humpa mfanyakazi wiki mbili za maombolezo akifiwa na mtoto mwenye umri chini ya miaka 18, lakini akifiwa na mzazi mambo mengi huachwa kwa hiari ya mwajiri. Msimamizi wangu alinipa pole ya dhati na kuniruhusu niondoke mapema, isipokuwa ilibidi kwanza apatikane mtu wa kushika nafasi yangu, kwani mzee asiyeweza kugeuka kitandani hawezi kuachwa peke yake kwa sababu mhudumu wake amefiwa. Kwa hiyo saa ileile mlipokuwa mkimwosha baba yangu, mimi nilikuwa nikimwosha baba wa mtu mwingine. Nasema hivyo kwa sababu mmetaka ukweli, na huo ndio ulivyokuwa.

Huku hakuna turubai la matanga wala majirani wanaokuja na majamvi na sufuria bila kualikwa. Nilitaka aswaliwe swala ya ghaibu, yaani ile aswaliwayo maiti aliye mbali, nikakuta kwamba msikiti ulio karibu nami ni wa Wahindi wafuatao madhehebu ya Hanafi, ambao hawana swala hiyo. Imamu wao alinieleza kwa upole mkubwa, kisha yeye mwenyewe akanielekeza kwa Wasomali, ambao ni Mashafii kama sisi. Hao walimswalia baba yangu bila kumjua, safu tatu zilizojaa, na mzee mmoja akaniuliza marehemu alikuwa akifanya kazi gani. Nilimjibu kuwa alikuwa askari na fundi baiskeli. Akanishika mkono muda mrefu kabla ya kuuachia.

Baba mwenyewe aliyajua haya ya kutokuwapo kuliko mimi, na ninyi mlio vijana pengine hamkupata kuyasikia, kwa sababu hakuwa mtu wa kujisimulia. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera, na siku chache baadaye yakalivunja daraja la Kyaka ili majeshi yetu yasiweze kuvuka mto. Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kwamba tunao uwezo wa kumpiga Amin, tunayo sababu na tunayo nia, baba alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi mwenye miaka michache kazini, na mama alikuwa na mimba ya dada yetu mkubwa. Aliondoka bila kuaga nyumbani, kwani kikosi chake hakikupitia Tanga. Dada alizaliwa Januari 1979, mwezi ambao majeshi yetu yaliuteka mji wa mpakani wa Mutukula, na bibi, mama yake baba, aliyekuwa akimsubiri mwanawe kwa hamu kuliko yeyote, alifariki kabla mvua za masika hazijakatika. Habari ya msiba ilimfikia baba wiki kadhaa baadaye akiwa Masaka, ndani ya Uganda, ikiwa imeandikwa kwenye karatasi iliyokwisha kulowa mvua. Aliniambia kwamba aliisoma, akaikunja, na zamu yake ya ulinzi ikaendelea.

Alikuwa mtoto wa pekee wa kiume wa bibi. Aliyeingia kaburini siku ile pale Mwambani alikuwa mpwa wake, na baba hadi mwisho wa uhai wake alimheshimu yule mpwa kama mtu mzima kuliko yeye, ingawa alimzidi umri. Sasa mtafahamu kwa nini nilipopata habari kwamba ni wewe, binamu yangu, uliyeshuka kumpokea baba, sikuona wivu wala fedheha. Najua deni hilo linavyobebwa katika ukoo wetu, na nitalibeba vivyo hivyo.

Aliporudi, 1979 haijaisha, alikwenda kwanza makaburini Mwambani akiwa bado na begi lake la jeshi, ndipo akaja nyumbani. Dada alikuwa amekwisha anza kusimama kwa kushikilia viti, na alipomwona mwanamume yule mrefu mwenye sare alipiga ukelele na kujificha nyuma ya kanga ya mama. Mama husema kwamba baba hakumshika kwa nguvu, bali alikaa chini sakafuni, akavua viatu, akaanza kuvisafisha bila kumtazama mtoto, na jioni ile mtoto mwenyewe akamwendea kuchezea kamba za viatu. Mwanangu wa hapa Leicester humfahamu babu yake kwa sura ya kwenye simu tu, na nilipomlalamikia baba juu ya hilo, alinisimulia kisa hiki, akacheka, kisha akauliza bei ya mkaa imefika wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyeko Tanga.

Miaka iliyofuata vita ilikuwa migumu. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na ninyi mliozaliwa baadaye hamwezi kujua mkanda ule ulikuja kufungwa kwa muda mrefu kiasi gani. Mimi nilizaliwa 1980, na kumbukumbu zangu za kwanza za baba ni za foleni: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya unga. Kila alipopata likizo alikuja moja kwa moja, na mshahara wake, kama mama anavyopenda kushuhudia, haukupata kupitia kantini. Wanaume wengi wa rika lake waliona aibu kuonekana jikoni, lakini mama alipougua kwa muda mrefu, baba aliomba ruhusa kazini, akatupikia mihogo ya nazi na dagaa, akatufulia sare za shule, akazipiga pasi ya mkaa hadi mikunjo ikasimama kama ya gwaride. Kucha zetu zilikaguliwa kila Jumapili jioni. Mama alipaswa kwenda Bombo hospitalini mara kwa mara, na baba alimpakia kwenye baiskeli yake, amekalia mto aliomshonea mwenyewe ili asiumie, na njia nzima alikwenda taratibu huku watu wa barazani wakimtania. Hakuwajibu. Wengine kati ya watani hao ndio waliokuwa mstari wa mbele kulibeba jeneza lake, nami ninawashukuru.

Kuna jambo moja alilotukataza kwa ukali, nalo ni kulivaa koti lake la jeshi, hata kwa mchezo, kwa kuwa sheria haimruhusu raia kuvaa sare ya jeshi na yeye hakutaka mtoto wake awe wa kwanza kuivunja. Alistaafu akiwa sajini. Kiinua mgongo chake wengine walimshauri akinunulie basi dogo la abiria, lakini yeye alimalizia vyumba viwili vya nyumba mliyokaa matanga, akalipa ada za shule tulizokuwa tukidaiwa, na kilichobaki akanunulia vifaa vya ufundi wa baiskeli. Mji wa Tanga haujawahi kupungukiwa baiskeli, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Alasiri za mechi alifunga kazi mapema akaenda Mkwakwani kuwatazama Coastal Union, na kwa mujibu wake hakuna jambo lililofanyika katika historia ya mpira wa Tanzania kuzidi ubingwa wa Wagosi wa Kaya wa 1988. Ni suala pekee ambalo hakulizungumza kwa kiasi.

Mmeandika pia kwamba huku wazungu huwatupa wazee wao, na kwamba mimi nimejifunza tabia hiyo. Katika nyumba ninayofanyia kazi wapo wazee wasiotembelewa, ni kweli, lakini yupo mmoja aliyewahi kuwa askari wa Uingereza katika ujana wake, na binti yake huja kila Jumapili kumsomea gazeti. Mzee huyo, ingawa amekwisha sahau majina ya wengi, bado hutandika kitanda chake mwenyewe kila asubuhi, na ukimgusia shuka atakufukuza. Novemba kila mwaka, nchi hii inapowakumbuka askari wake kwa dakika mbili za kimya, hubandikwa ua jekundu la karatasi kifuani, naye hukaa wima kuliko siku zote. Nilimsimulia baba habari zake, na tangu hapo hakuna simu tuliyozungumza ambayo baba hakuuliza, “Askari wako anaendeleaje?” Hawakupata kuonana, na baba hakujua Kiingereza cha kutosha kuzungumza naye, lakini swali lake la kwanza kabisa juu ya mzee yule lilikuwa anaamka saa ngapi. Nilipomwambia saa kumi na moja alfajiri, aliridhika.

Kuhusu fedha nilizokuwa nikituma kwa ajili ya dawa zake za shinikizo la damu, mmesema hazikuonekana. Dawa alinunua, risiti zote zipo kwa mama. Kilichozidi alikuwa akimlipia ada mjukuu wa askari mwenzake ambaye hakurudi kutoka Uganda na ambaye amelala Kaboya, mkoani Kagera, katika makaburi ya mashujaa. Aliniomba nisiwaambie, na sasa nawaambia kwa kuwa mtoto yule bado yuko shuleni na ada ya muhula ujao inakaribia. Nitaendelea kuilipa mimi.

Sasa nirudi kwenye kibao. Siku ya maziko mmoja wa wasemaji alieleza kwamba baba aliingia Kampala juu ya kifaru cha kwanza, na nimeona kwenye video jinsi watu walivyopiga takbiri. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na siku hiyo baba alikuwa Masaka, akilinda shehena ya risasi na chakula, tena akiwa na malaria. Alinieleza hivyo mwenyewe mara nyingi, kwa utulivu, na kila mtu alipompa sifa za Kampala alimsahihisha, hadi watu wakadhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu, ilikuwa ni taarifa. Alisema kwamba waliokwenda mbele wasingefika popote bila waliolinda nyuma, na kwamba aliyechukua sifa ya mwenzake amemwibia maiti. Vita alivyonisimulia yeye vilikuwa vya kutembea usiku kwenye matope, viatu visivyokauka na kuogopa kuwasha kiberiti, na hakupata kuniambia iwapo aliua mtu, nami sikumwuliza.

Kwa hiyo maneno yale siyagharimii. Andikeni jina lake na la baba yake, mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki, na chini yake “Askari wa JWTZ”, kwenye kibao cha saruji cha kawaida ambacho fundi yeyote wa Ngamiani anaweza kukifinyanga. Tofauti ya gharama kati ya saruji na marumaru nimeituma jana kwa jina la dada, kwa ajili ya matumizi ya mama hadi amalize eda yake ya miezi minne na siku kumi. Paa la chumba chake linavuja upande wa kusini, na naomba fundi aje kabla ya mvua za vuli. Mimi nimeomba likizo ya Desemba na imekubaliwa, hivyo msiandae khitma nyingine kwa ajili yangu. Nitakwenda Mwambani na binamu peke yake.