Je, wahakiki waliisifu El orfanato, filamu ya kutisha ya Kihispania, au waliiona nakala tu?

Vyote viwili. Ilipoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2007 ilishangiliwa sana, na kwenye tuzo za Goya, tuzo kuu za filamu za Hispania, ikabeba 7 kati ya 14 ilizowania, zikiwemo za mwongozaji mpya bora (J. A. Bayona) na mswada asilia (usiotokana na kazi nyingine). Ile ya filamu bora ilikwenda kwa filamu nyingine, La soledad.

Lawama kubwa ni kwamba imekopa: jumba kubwa, mama anayesumbuliwa na vivuli, mtoto mwenye rafiki asiyeonekana. Filamu The Others ya 2001 ilishapita njia hiyo. Lawama ni ya haki, ila haigusi namna ilivyotengenezwa. Tazama tena pale Laura, yule mama, anapocheza mchezo wa kugonga ukuta. Anagonga, anahesabu un, dos, tres (moja, mbili, tatu), anageuka. Kamera inageuka naye, inarudi naye, bila kukatwa. Kila akigeuka, watoto wa mizimu wamesogea. Hakuna muziki wa kukushtua, na ukikatakata picha hapo hofu yote inakwisha, maana mtazamaji anapata pa kupumulia.

Kinachowagawa wahakiki hasa ni mwisho (sitauharibu). Wengine wanasema umelainishwa kwa machozi. Mimi naona umeandaliwa tangu mwanzo, kwa hadithi ya Peter Pan, mvulana asiyekua, na ule mlio wa usiku ambao kila mtu anausahau. Kinachopwaya kweli ni kifo cha barabarani katikati: damu nyingi, kana kwamba kimetoka filamu nyingine.