Maswali ya Wasomaji: Faili la logi tupu kwenye Ubuntu

SWALI: Skripti yangu inaanza na #!/bin/sh. Ina mstari huu wa kunakili data: rsync -a /data/ /nakala/ &> /tmp/nakala.log, kisha tar inafunga /nakala. Kwenye Mac inakwenda vizuri. Kwenye seva ya Ubuntu logi inabaki tupu na tar inaanza kabla rsync haijamaliza. Kasoro iko wapi?

JIBU: Iko kwenye &>. Alama hiyo, inayopeleka matokeo na makosa kwenye faili moja, ni ya bash, mojawapo ya shell (programu zinazosoma amri), na sh ya Mac kwa kawaida huendeshwa na bash, ndiyo maana inakubali. Ubuntu, tangu toleo 6.10 la mwaka 2006, /bin/sh yake ni dash, shell nyingine. Dash huisoma & peke yake: rsync inatupwa nyuma, skripti inaendelea bila kuisubiri. Halafu > /tmp/nakala.log inabaki amri isiyo na kitu, inafuta faili na kuliacha tupu. Baya zaidi, amri hiyo tupu hurudisha 0, kwa hiyo ukiweka if kukagua rsync itasema imefaulu hata diski ikiwa imejaa. Nakala mbovu inapita kimya kimya.

Hakikisha kwanza:

ls -l /bin/sh
sh -c 'ls /hayupo &> /tmp/jaribio'; cat /tmp/jaribio

Kosa likitokea kwenye skrini na cat isitoe kitu, ni dash. Usitegemee sh -n, inayokagua sintaksia bila kuendesha skripti, maana kwa dash mstari huo ni halali kabisa. Shellcheck, programu ya kukagua skripti, ndiyo itakuonya.

Andika hivi:

rsync -a /data/ /nakala/ > /tmp/nakala.log 2>&1

Mpangilio usiugeuze. Alama husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na 2>&1 hupeleka makosa (2) pale ambapo matokeo ya kawaida (1) yanaelekea wakati huo. Ukiitanguliza, makosa yanabaki kwenye skrini na logi inapata matokeo ya kawaida tu.

Kubadili mstari wa kwanza kuwa #!/bin/bash kunatibu &>, lakini &>> (ya kuongeza mwishoni mwa faili) bado itakukwamisha: ilianza na bash 4.0, na bash ya Mac ni 3.2, itakataa kwa kosa la sintaksia. Tumia >> faili 2>&1, inakubalika kote.

SWALI: Logi niliyoitoa PowerShell ya Windows kwa > nimeipeleka Linux, grep haipati neno ninaloliona kwa macho.

JIBU: PowerShell 5.1 huandika kwa UTF-16, usimbaji wa herufi tofauti na UTF-8 ambayo grep hutarajia kwenye Linux. Igeuze: iconv -f UTF-16 -t UTF-8 logi.txt > logi2.txt. PowerShell 7 huandika UTF-8 moja kwa moja.