Jibu: Je, nisugue kutu kwenye upanga wa kuchomea wa karne ya 18?

Ndugu yangu, weka msasa chini kwanza! Umesema bapa lina pembe tatu, ni pana karibu na mpini kisha linakonda ghafla. Basi huo ni kolishemadi, aina ya upanga mwepesi waliovaa waungwana wa Ulaya kuanzia mwishoni mwa karne ya 17. Hauna makali ya kukata; kazi yake ni kudunga kwa ncha. Mbavu zake zimechimbwa kama mfereji ili bapa liwe jepesi bila kupinda ovyo.

Sehemu ile pana ndiyo mara nyingi ilitiwa nakshi, pengine na dhahabu. Msasa ukipita hapo, nakshi imekwenda na hairudi. Weusi uliotulia uache, ni umri wake. Kutu nyekundu inayotoka unga ndiyo inayokula chuma: paka mafuta ya cherehani, iache ilainike, ufute kwa kitambaa laini, urudie. Usiushike kwa mikono mitupu, jasho lina chumvi.

Mpini ukicheza, usiugonge. Angalia waya uliozungushwa: ukiwa wa asili, hata umelegea, nauthamini kuliko bapa linalong'aa. Tuma picha ya ncha, tuone kama imewahi kukatika na kunolewa upya.