Kupanga Mji Mkongwe ukisoma Vuga

Mdogo wangu, umeuliza kama upange Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa vile umepata nafasi SUZA, chuo kikuu cha taifa cha huku, kampasi ya Vuga, au ukae Kikwajuni, mtaa wa jirani, kama rafiki yako anavyokushauri. Mimi nimekaa Mji Mkongwe miaka minne, kwanza Sokomuhogo, kisha Kiponda, na kote nimelia na kucheka.

Raha ipo, sikatai. Kutoka Sokomuhogo hadi darasani ni miguu yako tu, daladala unazisikia kwa wenzako. Kuta ni nene, kwa hiyo mchana wa kaskazi, wenzako wa nyumba za matofali wanapokaangika, wewe ndani una kibaridi. Jioni barazani kuna kahawa na habari zote za mji, za kweli na za kupikwa.

Sasa maudhi. Chumba cha kwanza nilikiona Agosti, ukuta mweupe pee, rangi bado inanuka. Nikaingia mkenge. Masika yalipoanza ukuta ulitoka jasho, rangi ikabanduka vipande vipande, vitabu vikaota ukungu. Fundi mmoja mzee alikwangua kidogo akanionyesha: juu ya chokaa wamepiga plasta ya saruji. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya maji na kuyatoa. Ukizifunika kwa saruji, maji yanabaki ndani. Tangu siku hiyo, nikiona rangi mpya naingia wasiwasi.

Halafu tazama juu. Dari imebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba: upana unafuata urefu wa boriti. Uliza choo cha ghorofa ya juu kiko wapi. Kikiwa juu ya kitanda chako, na kimeongezwa miaka ya karibuni, kimbia. Maji yakivuja miaka boriti huoza kimya kimya. Kanyaga kwa nguvu katikati ya chumba, sakafu ikicheza shukuru ushuke. Beit al Ajaib yenyewe, jumba la 1883, upande mmoja uliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, sembuse nyumba ya warithi kumi wasiosalimiana.

Na hao warithi ndio walioniumiza zaidi. Kiponda nililipa kodi ya miezi sita kwa kaka mkubwa, mtu mzima, ana tasbihi mkononi. Mwezi wa tatu akatua mdogo wake kutoka Maskati, anataka kodi yake na yeye, kwani nyumba ni ya baba yao wote. Mkataba wangu ulikuwa na sahihi moja. Tulimalizia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, nikaongeza ya mwezi mmoja ili nilale kwa amani. Kwa hiyo nenda kwa sheha kabla hujatoa hata shilingi. Anajua nyumba ipi ya wakfu, ipi ya serikali, ipi ina kesi. Dalali naye anajua, ila hasemi, maana chake ni kodi ya mwezi mmoja na akishakipokea humuoni.

Mwenye nyumba akikuahidi kubadilisha madirisha au kuvunja ukuta, usihesabu ahadi hiyo. Mji ni urithi wa dunia tangu 2000, ukarabati unahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Tukuza nayo, yaani umeme wa kulipia kabla, uliza ni yako peke yako au mita moja nyumba nzima. Kwetu ilikuwa moja, na kijana wa chini alikuwa na friji mbili za kuuzia barafu.

Kikwajuni ni sawa pia, kutembea ni karibu na vyumba vina hewa. Ila kama roho yako iko Mji Mkongwe, tafuta wakati wa mvua, na kitanda nunua cha kufungua. Changu hamali walikikwamisha ngazini, tukawa tunakiruka siku mbili, mimi na bibi wa ghorofa ya pili.