Umeshonwa kano ya kidole? Usikae ukingoja ipone yenyewe

Naulizwa sana kuhusu vidole vyangu, hasa na wenye mgonjwa nyumbani aliyekatwa na panga, bati au kioo. Mimi nilikatwa na kioo kiganjani, chini ya kidole cha pete na kidole cha mwisho, kano zinazovikunja (kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa) zikakatika. Zikaunganishwa kwa upasuaji, na leo nashika mkasi na kushona nguo za watu kama zamani. Ninachowaambia wote ni hiki: kano iliyoshonwa inatakiwa kusogezwa kidogo kidogo tangu siku za mwanzo, kwa kipimo cha mtaalamu.

Zamani hata madaktari waliogopa. Kuanzia juu ya kiganja hadi katikati ya kidole, kano mbili hupita pamoja ndani ya ala nyembamba, na wengi wao hawakuthubutu kushona hapo. Waliacha jeraha lifunge, kisha wakapandikiza kano nyingine baadaye. Miaka ya 1960, Harold Kleinert na wenzake kule Louisville, Marekani, walishona palepale, wakafunga mpira kwenye ukucha: mgonjwa ananyoosha kidole mwenyewe, mpira unakirudisha. Mwaka 1975, Robert Duran na mwenzake Houser walieleza kwamba kano ikiteleza milimita 3 hadi 5 tu, inatosha kuizuia isigande kwenye kovu. Baadaye majaribio ya Richard Gelberman kwa mbwa yakaonyesha kuwa kano zilizosogezwa mapema zilikuwa imara na ziliteleza vizuri kuliko zilizofungwa zisitikisike.

Sababu ni kwamba seli za kano huhisi mvuto. Zikivutwa kwa kiasi, hutengeneza kolajeni, protini inayoipa kano uimara, na nyuzi zake hujipanga kufuata upande wa mvuto. Zisipovutwa, nyuzi hukaa shaghalabaghala, kovu linashikana na ala, kidole kinakuwa kigumu. Lakini wiki za mwanzo kinachoshikilia kano ni uzi wa daktari, na ncha za kano hulainika kabla ya kupata nguvu. Ukivuta kwa nguvu wakati huo, linatokea pengo, au inakatika kabisa.

Ndiyo maana nilifungwa P.O.P (plasta ngumu ya hospitali) ya nusu, upande wa nyuma wa mkono, kifundo na vidole vikiwa vimeinama. Kwa mkono wa pili, usioumia, nilikisukuma kidole taratibu hadi kiguse kiganja, kiungo kimoja kimoja, kisha nikakiachia kinyooke mpaka kiguse plasta. Asubuhi vilikuwa vimevimba, ngozi imekaza hadi inang'aa, nikawa nakunja polepole kwanza mpaka ilegee. Nilirudia mara nyingi mchana, kila mara dakika chache tu. Kuhisi ngozi inavutika ni kawaida. Ukisikia kitu kimeachia ghafla na kidole kimegoma kujikunja, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kabla hujatoka wodini, muulize daktari amepitisha nyuzi ngapi kwenye kano, na aandike kwenye karatasi utakayompelekea mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi). Nyuzi 4 au zaidi mara nyingi huruhusu mgonjwa aanze mapema kukunja kidole kwa msuli wake mwenyewe, taratibu. Zikiwa 2, inabidi tahadhari zaidi. Usichukue ratiba ya jirani ukaifanya yako.

Kipindi kinachonitia hofu kwa wagonjwa ni pale wanapoanza kujisikia nafuu. Kidonda kimefunga, maumivu yamepungua, mtu anavua P.O.P alale vizuri, au anakamua nguo, anabeba ndoo, anasonga ugali. Kwa kawaida P.O.P huondolewa karibu na wiki ya 6, na kazi nzito husubiri hadi wiki ya 12 hivi. Halafu kuna kukanda. Shangazi yangu alikuja na beseni la maji moto na nia njema kabisa. Nikamwambia, "Shangazi, naomba unisamehe, daktari amekataza kabisa." Alinuna kidogo, lakini afadhali hivyo kuliko kurudi chumba cha upasuaji. Na wanaovuta viungo mtaani, msiwape mkono wenye kano mpya.

Wenye goti lililowekewa ligamenti mpya (kamba inayounganisha mfupa na mfupa), msingi ni huohuo: mguu unyooke kikamilifu mapema, uzito uongezwe kwa hatua, na mpira msirudie kabla ya miezi 9 hata kama goti haliumi.

Kama unakaa mbali na hospitali na nauli ni tatizo, mwombe mtaalamu akuonyeshe mazoezi huku ndugu yako anarekodi kwa simu, mkono wako mwenyewe ukiwa kwenye picha. Kisha pangeni siku ya yeye kuukagua tena, ndani ya wiki ya kwanza ikiwezekana.