Wazee watatu kwenye mshahara mmoja

"Kaka, huko hawazai na hela wanazo. Sisi tunazaa, ndiyo maana hatusongi mbele. Au nakosea?" Mdogo wangu, swali hilo umeniuliza mara tatu wiki hii nami nikawa nakwepa, maana nikitoka zamu nakuwa hoi. Leo niko mapumziko.

Kwamba hawazai, ni kweli. Hapa Ujerumani, tangu 1972 kila mwaka wanaokufa ni wengi kuliko wanaozaliwa. Kama si wageni, idadi ya watu ingeshapungua zamani. Ila usidhani kutozaa ndiko kulikowatajirisha. Pensheni ya wafanyakazi waliianzisha 1889, familia zao zikiwa bado zina watoto wengi. Watoto walipoacha kufa wachanga, wasichana wakasoma na mzee akawa na uhakika wa kipato, uzazi ukashuka wenyewe.

Mimi kazi yangu ni kulea wazee kwenye makao yao. Kila mwezi kuna makato ya pensheni, asilimia 18.6 ya mshahara, nusu natoa mimi, nusu mwajiri. Hela hiyo haikai mahali ikinisubiri. Inaingia na kutoka, inamlipa mzee yuleyule niliyemwogesha asubuhi. Kinachobaki namtumia mama, huyo wa pili. Wa tatu ni mimi nitakapozeeka, na sioni vijana wa kutosha watakaonichangia.

Sasa mfikirie mtu wa nchi maskini anayeishi kwa vibarua. Hana mfuko wowote wa uzeeni, mfuko wake ni watoto. Kumwambia apunguze kuzaa bila kumpa kingine ni kumwambia avunje akiba yake. Na ndiyo maana, karibu kila nchi inayoendelea, kaya maskini ndizo zenye watoto wengi kuliko kaya zenye uwezo. Mwenye nacho anawasomesha wawili mpaka mwisho. Asiye nacho, sita wanagombania ada ya mmoja. Wastani wa taifa unaotangazwa hauonyeshi pengo hilo, nalo linarithiwa.

Vijana wengi si balaa. Korea Kusini mwaka 1960 mwanamke alizaa wastani wa watoto kama sita. Uzazi ukashuka haraka, wale vijana wakakuta shule na viwanda, na uchumi ukapaa. Leo wamepitiliza: wastani wa mtoto 0.72 kwa mwanamke mwaka 2023, na wao wanahangaika kutafuta wa kuzaa! Vijana bila ajira lakini ni hasira tu.

Kuhusu kukuvuta uje: kazi zipo, sikufichi. Ila wanaofika huku kwa kawaida si wale maskini kabisa. Mimi nilisafiri kwa shamba la baba lililouzwa. Yule rafiki yangu aliyekuwa ananishinda darasani kwao hawakuwa na cha kuuza, akabaki. Kila nikituma hela, nyumba yetu inapanda na pengo kati yetu na kwao linazidi. Hakuna anayelisema hilo akisifu hela za ughaibuni.

Anza na lugha, uje na cheti kinachotambulika, usije kwa kubahatisha. Na ujue ni kazi ya kunyanyua watu wazima siku nzima. Mgongo unaniuma tangu mwezi wa pili. Hilo la mgongo, mama usimwambie.